Kufuli Lisilo na Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingizwa kwenye kompyuta. Mwili ulibaki hapa kibandani, kati ya mashine ya kuchonga funguo na kopo la grisi. Sifa zangu ndizo zilizoingia.

Aliyeniingiza ni mpwa wangu, binti wa Dada. Msichana kasoma mpaka vyeti vimekosa ukuta. Kazi yake ofisini ni kupanga habari za watu zisigongane. Sasa kaamua kupanga na za ukoo wetu. Jumapili Dada anatimiza miaka sitini, tunakutana wote kwake, na mpwa atamulika ukoo mzima ukutani. Halafu mimi nitasimama nisimulie hadithi ya tangi. Imekubaliwa. Kuna wajukuu wapya hawajawahi kuisikia. Maskini, wameishi hivyo hivyo tu!

Kwa faida ya watakaosoma daftari hili nikishaondoka: nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa mlinzi wa pampu ya maji. Palikuwa na tangi la zege limechimbiwa ardhini. Siku hiyo mfuniko ulikuwa wazi. Dada, wakati huo ana kumi na moja, akatumbukia. Nikajitupa. Nikamkamata nywele. Nikamtoa. Kina cha maji, mita nne. Mara nyingine nasema sita, nikiona wasikilizaji wanaweza kuhimili.

Mpwa akanieleza mtambo wake. Kila mtu ni nukta. Kutoka nukta kwenda nukta kuna mshale, na mshale una neno. Kwa hiyo: Mjomba, mshale, alimwokoa, Dada. Hiyo ni sentensi. Nikamwambia hilo nimelielewa kabla hajafungua mdomo. Akasema subiri, Mjomba. Juu ya sentensi unaweza kuweka sentensi nyingine inayoisema ile ya chini. Nani kaileta. Lini. Nani anabisha. Na ile ya juu ina ruhusa zake peke yake. Kuruhusiwa kuona ya chini si kuruhusiwa kuona ya juu.

Kwa fundi kufuli hilo ni jambo la chekechea. Ufunguo wa geti haufungui chumba. Nikamwambia angekuja kwangu tangu mwanzo asingepoteza miaka chuoni.

Akaondoka. Nikafungua simu kutazama sentensi yangu. Nzuri! Inang'aa! Chini yake pameandikwa: sentensi za juu, 3. Unaziona 2. Ya kwanza: imesemwa na Mjomba. Ya pili: imesimuliwa kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Ya tatu: picha ya kufuli. Huna ruhusa.

Mimi? Ruhusa? Mtu niliyefungua benki kwa pini ya nywele! (Ulikuwa mlango wa choo cha benki na meneja alikuwa ndani, lakini benki ni benki.)

Nimeligeuza lile kufuli huku na huku kwa kidole. Halina tundu.

Jumanne, 5 Machi

Sikufanya kazi ya maana. Mteja kaleta kitasa, nimemrudishia kikiwa kinafunguka kwa ufunguo wowote. Kafurahi, kwa hiyo sikusema kitu.

Mchana nikamfuata mpwa ofisini kwake. Nikampa habari za afya yangu, nikasifia kiti chake, kisha kama mtu aliyekumbuka tu njiani nikauliza habari ya sentensi ya tatu. Akasema aliyeandika ndiye anayechagua nani aone. Nikasema sawa, basi unifungulie wewe mwenye mtambo. Akasema hawezi. Kisha akaweka kalamu chini akasema hata angeweza, Mjomba wangu, asingefanya. Nikaahidi kumchongea ufunguo wa akiba wa nyumba yake. Akasema anazo funguo tatu nilizomchongea na hakuna hata mmoja unaofungua.

Watoto wa siku hizi hawajui kutikisa ufunguo.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Nani mwenye roho ya kuandika kitu juu ya hadithi yangu, kisha akifunge nisikione? Jibu nikalipata kabla sijavuka barabara. Shemeji!

Shemeji ni mume wa Dada, mpima ardhi mstaafu. Mtu mrefu, mkavu, anatembea na futi ya kukunja mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Mwaka mmoja alikwenda hadi kwenye tangi, tangi la watu, akalipima. Akarudi akatangaza mezani watu wanakula: mita moja na nusu. Kwa mtoto wa miaka sita mita moja na nusu ni bahari! Lakini mwambie Shemeji.

Ni yeye. Kaandika: uongo. Kaweka kufuli. Analala usingizi mzuri.

Jumatano, 6 Machi

Vita.

Saa mbili asubuhi nikatafuta sentensi za Shemeji. Nikakuta: Shemeji alipima barabara ya machimboni. Nikapandisha sentensi juu yake: ndiyo maana imepinda. Nikakaa nikasubiri.

Saa tatu akapandisha juu ya yangu: imepinda kwa sababu kuna mlima.

Nikapandisha juu ya yake: mlima ulikuwepo kabla ya barabara, mtu mwenye macho angeuona.

Akapandisha: mwandishi wa sentensi iliyo chini ya hii aliwahi kujifungia ndani ya kibanda chake mwenyewe saa sita nzima.

Uzushi! Zilikuwa tano. Tena nilikuwa najaribu kufuli.

Kufika adhuhuri tulikuwa na ghorofa saba za sentensi juu ya barabara moja. Mpwa akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyehesabu mpaka kumi. Akasema mimi na baba yake tunaufanya mtambo uhemewe, na kwamba hakuujenga kwa ajili ya wazee wawili kutupiana mawe. Nikamwambia aliyeanza anajulikana. Akasema kama ni ile ya tatu unayoifikiria, Mjomba, basi si Baba aliyeiandika. Akakata haraka, kama mtu aliyeangusha sahani.

Si Shemeji! Nilikaa chini. Adui wa miaka thelathini na kumbe hana kosa. Nimesikitika sana.

Nyumbani nikamkuta mke wangu anasonga ugali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, anacheka zile ghorofa za barabara. Nikasimama. Kwa hiyo yeye anaona mambo. Nikamuuliza kwa upole: ile ya tatu juu ya tangi, unaiona? Akaacha kucheka. Akaitia simu kwenye mkunjo wa kanga. Akanyamaza.

Mke wangu hajawahi kunyamaza. Akaniwekea chai bila mimi kuomba, akatia sukari mwenyewe, akakoroga.

Nimeogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Uchunguzi umekamilika. Nimempigia binamu yangu dereva wa lori, nikajifanya na mimi nimeisoma. Nikasema, ee, ile sentensi ya tatu kali kweli. Akavuta pumzi akasema kaka, tuliache hilo, sisi tunakupenda hivyo hivyo. Hivyo hivyo! Huyu ni mtu ambaye juzi tu aliniita bomba bovu mbele ya wanangu. Leo ananipenda.

Kwa hiyo picha ni hii. Kufuli halikuwekwa watu wasione. Liliwekwa mimi nisione. Ukoo mzima umepewa ufunguo, fundi peke yake kabaki nje. Na Jumapili nitasimama mbele ya watu hao hao, nitasema nilijitupa majini, na kila mmoja atakuwa anajua kitu kuhusu mimi ambacho mimi sikijui. Hadithi hii ndiyo kitu changu. Wengine wana mashamba.

Nikatengeneza mpango wa hali ya juu. Nikajisajili upya kwenye mtambo kama mtu mwingine: mjane wa binamu yake marehemu Babu, anaishi mbali, haonekani. Mtambo ukadai ndugu wawili wanaomfahamu. Wa kwanza nikajiweka mimi. Namfahamu vizuri sana. Wa pili nikamweka Dada, kwa kuwa Dada hukubali kila kitu bila kusoma.

Kumbe anasoma. Akapiga simu kabla sijamaliza kufuta jasho. Akauliza Babu alipata lini binamu. Akauliza pia kwa nini mjane huyo kwenye picha ana masharubu chini ya mtandio. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, maana Dada akicheka huwezi kukaa pembeni.

Kisha nikamwambia ukweli, sijui kwa nini. Nikamwambia kuna sentensi nimefungiwa na inanila. Nikamwambia Jumapili sisimami.

Akasema mdogo wangu, nakuomba, njoo usimulie kama unavyosimulia siku zote. Hicho ndicho ninachotaka kwa sitini yangu, sitaki kitu kingine. Na hivyo vidole vyako usiguse kitu.

Nikamwahidi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegusa.

Nijitetee kitaalamu. Kufuli likikataa kabisa, fundi hahangaiki nalo. Anang'oa mlango. Sentensi ya juu imesimama juu ya ya chini. Ya chini ni yangu, nimeisema mimi, jina langu lipo. Nikiifuta, ile ya juu inasimama juu ya nini? Inaanguka! Hadithi ingekufa, ndiyo, lakini na tusi nalo lingekufa. Ningekwenda Jumapili mikono mitupu lakini safi.

Saa saba nikafunga kibanda. Nikatundika kibao cha NARUDI SASA HIVI. Nikaitazama sentensi yangu kwa mara ya mwisho. Mjomba alimwokoa Dada. Miaka yote hiyo. Nikabonyeza FUTA.

Mtambo haukufuta. Ukaniuliza kwanza. Ukasema ukifuta hii, na zifuatazo zitafutwa. Ukazipanga chini, moja, mbili, tatu. Zote tatu! Na maneno yake yote! Mtu kafunga mlango kwa makufuli, halafu orodha ya vyombo vya ndani kaibandika ukutani nje.

Nilitaka kupiga kelele ya ushindi. Nikawa nimeshaanza kusoma.

Nainakili hapa kama ilivyo:

"Si yeye aliyenitoa. Mimi ndiye niliyemtoa yeye. Alikuwa amekaa juu ya mfuniko anatetemeka, meno yanagongana, akaniambia, Dada, nimekuokoa. Nikamwambia ndiyo, umeniokoa, ndipo akaacha kulia. Baba alipokuja na fimbo nikasema mimi ndiye nilicheza na mfuniko, mimi ndiye nilitumbukia. Tangu siku hiyo tukipita penye maji ananishika mkono, mpaka leo. Someni wote isipokuwa yeye. Na mtu yeyote asimkosoe."

Mwandishi: Dada.

Chini yake vitufe viwili. FUTA. GHAIRI. Nimebonyeza GHAIRI kwa vidole gumba vyote viwili, nikarudia tena mara ya pili ili mtambo uelewe.

Fimbo ile naikumbuka. Nilikuwa nimejifunga gunia la Baba, nachungulia. Siku zote nilidhani alichapwa kwa sababu alitumbukia.

Mteja akagonga, anataka ufunguo wa kabati. Nimeuharibu mara mbili. Akaniuliza macho yana nini. Nikamwambia unga wa chuma, kazi hii ina hatari nyingi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mpwa kuripoti kasoro. Ni wajibu wangu kama mtaalamu. Nikamwambia katika ukaguzi nilioufanya kwa hiari, nimegundua kwamba mtu akitaka kufuta sentensi yake, mtambo unamwonyesha na zile za juu ambazo hana ruhusa nazo.

Uso wake ukabadilika. Akajaribu mwenyewe, akaona. Akasema mtambo uliuliza kama ya chini ni yako, ukasahau kuuliza habari za juu. Akajishika kichwa. Kisha akageuka polepole, akaniuliza: Mjomba, uliona nini?

Nikamwambia sikuona kitu, sikuwa na miwani.

Akaitazama miwani. Ilikuwa kwenye paji la uso wangu, ilipokuwa tangu mwaka juzi. Akaninyoosha kola, kama mama yake anavyofanya.

Kaziba kasoro nikiwa nimeketi hapo hapo. Sasa ukitaka kufuta, mtambo unasema kuna kitu juu ambacho si chako, kamwombe mwenyewe. Basi. Akasema ofisini kwao watu wanatafuta tundu kama lile miezi na hawalioni. Nikasema najua. Nitaongeza mstari kwenye bango la kibanda: NA MAKUFULI YA KOMPYUTA PIA.

Aliponisindikiza mlangoni akauliza kama kesho nitasimama. Nikasema nitasimama. Akauliza nitasimulia nini. Nikajifanya nimeona mtu ninayemfahamu upande wa pili wa barabara.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba imejaa. Watoto chini sakafuni, watu wazima ukutani. Dada kakaa kwenye kiti chenye mikono, kavaa bluu, kapendeza kuliko sisi wote tukijumlishwa. Ukoo unang'aa ukutani, nukta na mishale kama kundi la siafu waliobeba maneno.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema: nilikuwa na miaka sita, mfuniko ulikuwa wazi kwa sababu niliufungua mimi, na aliyetumbukia ni mimi. Dada ndiye alijitupa. Dada ndiye alinitoa. Na fimbo ya Baba akaila yeye.

Mke wangu kashika mdomo.

Halafu wajukuu wakaanza. Babu, si hiyo! Babu, sema ile ya kweli! Mmoja akaanza kulia. Binamu dereva akasema kaka leo hayupo sawa, mpeni maji. Hakuna aliyeamini. Wote walikuwa wameisoma, kwa macho yao, kaandika Dada, wakaiamini. Nimeisema mimi, wakaanza kuitilia shaka!

Shemeji akainuka. Nikajua sasa nimekwisha. Akatoa futi mfukoni, akaikunjua, akaikunja, akasema kwa sauti ya mahakamani kwamba anaomba kusahihisha kumbukumbu. Mwaka ule alipima vibaya. Lile tangi ni mita nne. Akaketi. Hakunitazama.

Na Dada akasema msimsikilize huyu, anaona haya tu. Yeye ndiye aliyenitoa. Alinikamata hapa, akainamisha kichwa awaonyeshe watoto mahali pa nywele. Nikasema Dada, hapana. Akasema wewe, ndiyo. Nikasema ni wewe. Akasema ni wewe, na usinibishie siku yangu. Tukabishana hivyo mbele ya ukoo, kila mmoja anamsukumia mwenzake ushujaa kama watu wanaogombania nani apite mlangoni kwanza, mpaka watoto wakaanza kupiga makofi.

Aliponivuta niketi karibu yake akaninong'oneza: nani kakuonyesha? Nikamwambia sikuwa na miwani. Akanibinya mkono. Hakuuachia mpaka keki ilipokatwa, ikabidi akate kwa mkono wa kushoto. Vipande vilikuwa vibaya sana.

Mpwa kaandika sentensi mpya: Dada alimwokoa Mjomba. Juu yake: imesemwa na Mjomba. Nimehesabu kabla ya kuondoka. Watu kumi na mmoja wameshaweka juu yake neno moja: shaka.

Siku moja niliyosema kweli!

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka mwepesi. Kibandani nimechonga funguo sita, nne zinafungua.

Nimelifikiria upya jambo la jana kwa akili iliyotulia, na nimeliona jinsi lilivyo. Wangapi wangeweza? Mtu ana ushujaa wake, ameutunza tangu utotoni, mita saba za maji, halafu siku ya sitini ya dada yake anausimamia mbele ya halaiki na kumkabidhi wote, bila kubakiza hata tone. Mashujaa wa kuokoa watu ni wengi. Shujaa wa kutoa uokoaji wake zawadi, sijasikia mwingine. Kwa kweli nimemwokoa Dada mara mbili.

Jambo kama hili halifai kupotea. Nimefungua mtambo, nikatafuta ile sentensi ya jana, nikapandisha juu yake moja ya kwangu: Mjomba alimpa Dada hadithi hii kwa upendo, kwa hiari yake, akijua thamani yake. Pale pa ruhusa nimechagua kwa uangalifu mkubwa. Wote waone isipokuwa Dada. Muungwana hatangazi wema wake mbele ya aliyetendewa.

Kufika saa nne nilikuwa nimeshawapigia simu wote waliobaki, mmoja mmoja, waende wakasome.